Suruali ya Kahawia na Kidonda Kilichokataa Kufunga

Juu ya duka la nyuzi,
Ngazi ya pili, mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua unasema shikamoo ya kwenye bahasha hufika imepoa, lakini aliyenifundisha adabu ni wewe mwenyewe, basi uivumilie. Hujambo? Unalalaje siku hizi? Shemeji hajambo na mgongo wake? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo, na zile kelele zao? Na yule jirani yako wa kamba ya nguo, mmepatana, au bado mnasalimiana kwa kufungiana madirisha? Nijibu hilo la jirani kwa ukweli, maana huko mbele nitamhitaji.

Sisi huku ni wazima, na safari hii nikisema wazima sisemi kwa mazoea. Wifi yako yuko hapa pembeni kwenye cherehani, anajifanya anashona, lakini mguu hausogei. Anasoma barua kwa jicho la pembeni. Anakusalimu sana.

Ulipofungua bahasha kimeanguka kitambaa cha kahawia, chembamba, cha pembetatu. Usikitupe, Dada, wala usikifutie miwani. Kina habari yake, nitaifikia.

Mambo ya kazi kwanza. Kibanda cha funguo kinakwenda vizuri. Watu hawajaacha kupoteza funguo, Mungu awazidishie usahaulifu. Mzee wa Saa, yule fundi tunayepakana ukuta, bado analalamika kwamba mashine yangu ya kuchongea inamtikisia saa zake, na bado anakuja kunywa chai yangu kila asubuhi. Jambo jipya ni kwamba nimeinua meza ya kazi, siku hizi nachonga funguo nikiwa nimesimama. Wateja wanashangaa. Sababu yake ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, mwanzo wa mvua, nilikuwa nafungua komeo la geti la chuma. Likaniteleza mkononi, likanigonga kwenye muundi. Kijeraha chenyewe hata aibu kukitaja, punje ya harage! Nikapaka dawa, nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Mwezi ukapita, kijeraha kipo. Ukapita mwingine, kipo. Leo kinafunga juu, kesho kimefumuka na kutoa maji, na pembeni ngozi imekuwa nyekundu. Sikukuandikia kwa sababu nakujua, ungepanda gari la kwanza uje na chupa ya maji ya chumvi.

Nami unanijua, sikosi maelezo. Nilisema ni soksi. Nikabadili soksi, nikasema ni vumbi la shaba kutoka kwenye funguo. Nikafunika mguu mzima kwa plastiki, nikasema ni jasho. Wakati huo huo kila mafua yaliyopita mtaani yalianza kwangu na kuishia kwangu. Wenzangu walipiga chafya siku mbili wakasahau, mimi nilikohoa mpaka Mzee wa Saa akaanza kugonga ukuta. Fizi nazo zikawa zinatoa damu nikipiga mswaki. Hayo nayo yalikuwa na maelezo yake, mswaki ulikuwa mgumu.

Wifi yako hakunibishia. Yeye si mtu wa maneno mengi, maneno aliniachia mimi siku ya harusi. Alichofanya, asubuhi moja ya siku ya kazi, nguo za wateja zimejaa mezani, alifunika cherehani. Dada, mwanamke huyu hafuniki cherehani mchana hata akiwa na homa. Nilipoiona imefunikwa nikavaa viatu bila kuulizwa, tukaenda hospitali.

Sasa nisikilize kwa makini, na tafadhali usicheke kabla sijamaliza.

Siku hiyo nilivaa suruali ya kahawia. Unaikumbuka, ndiyo niliyovaa siku nilipofungua kibanda, na kwenye picha umesimama nyuma yangu umenishika bega. Miaka yote hii nimeivaa kila siku ya maana, na kila nikiivaa husimama mbele za watu na kusema, "Mnaiona? Suruali ile ile. Mwili wangu haubadiliki." Mzee wa Saa amelisikia neno hilo mpaka siku hizi analisema kabla yangu.

Muuguzi, kijana mrefu wa sauti ya upole, akanipandisha kwenye mizani. Akaitazama, akanitazama, akaandika. Nami nikachungulia alichoandika. Ala! Nikamwambia mizani yake imechoka. Akanipeleka kwenye mizani nyingine, ikasema yale yale. Nikamwambia hizi ni mtu na dada yake, zimepatana. Akatoa futi ya kupimia, akanizungusha tumboni usawa wa kitovu, akaandika tena. Hapo nikaona sina budi kutetea jina langu. Nikamweleza habari ya suruali, kirefu, wagonjwa wengine wakisikiliza kwenye benchi. Nikamwambia mizani huweza kudanganya lakini suruali haidanganyi, na kama kiuno kingekuwa kimefika huko anakosema, hii ingekuwa imepasuka zamani.

Hakubishana. Akaniomba nilegeze mkanda, akageuza kiuno cha suruali kwa nyuma, pale ambapo mwenyewe huwezi kujiona. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, na hivi ni nini?"

Vipande, Dada. Vipande vitatu vya kitambaa kile kile cha kahawia, vimepachikwa kwenye mshono wa nyuma kimoja kando ya kingine, vyembamba chini, vipana juu. Na mshono wenyewe ulikuwa safi, mdogo mdogo, wa mkono ninaoujua kuliko ninavyoujua wangu.

Nikageuka kumtazama wifi yako. Alikuwa anasoma bango la ukutani kuhusu kunyonyesha. Kwa umakini! Mwanamke ambaye kitinda mimba wake ana ndevu.

Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje? Utauliza, na mkanda je, mkanda haukukuambia kitu? Mkanda ulisema, lakini mimi nilikuwa na maelezo, nilisema ngozi ya siku hizi inasinyaa. Mlango wa kibanda ulipoanza kunibana nilisema mbao zimevimba kwa mvua. Hata wakati wa jua nilisema hivyo.

Daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Anaongea taratibu na haoni shida kurudia. Alitazama kidonda, akanitoa damu, akanitaka nirudi kusikia majibu. Siku niliporudi alituketisha wote wawili, akaeleza mpaka tukaelewa. Nakuandikia alivyosema, kwa namna ninavyoweza mimi.

Mimi nilidhani mafuta ya tumboni ni gunia tu limekaa stoo linangoja siku ya njaa. Kumbe yanafanya kazi mchana na usiku. Yakizidi, hasa yale ya ndani yanayozunguka ini na matumbo, yanatoa kemikali za kuita kinga ya mwili kana kwamba adui ameingia. Askari wa mwili wanakuja. Adui hawamwoni, ila kuondoka hawaondoki, wanakaa mle mle kwenye mafuta na kuzidi kuitana. Ndio uvimbe sugu huo. Hauna homa wala jipu, huuoni kwa macho, lakini kwenye kipimo cha damu unaonekana, na changu kiliuonyesha.

Nikakumbuka yule mwenye duka niliyemfungia king'ora cha wezi. Kilikuwa kikali mno, paka akipita kinalia, upepo ukivuma kinalia. Majirani wakatoka siku ya kwanza, wakatoka ya pili, mwishowe wakajifunika shuka masikioni. Mwizi wa kweli alipokuja, king'ora kililia na hakutoka mtu. Nikamsimulia daktari. Akasema hajapata kuisikia hivyo, lakini haiko mbali. Kinga inayosumbuliwa kila siku kwa jambo lisilo adui, siku adui anakuja inachelewa, au inampiga vibaya na kuumiza nyumba yenyewe. Ndiyo maana mafua yalihamia kwangu. Kidonda nacho hakifungi kwa sababu mwili umekwama kwenye kupigana, haufiki kwenye kujenga. Uvimbe huo huo unazuia mwili kuitumia sukari vizuri, sukari inapanda kwenye damu, nayo inazidi kuchelewesha kidonda. Sukari yangu ilikuwa imepanda, Dada, na sikuwa na habari.

Wifi yako yeye akasema neno moja tu, kwamba ni pasi. Pasi iliyoachwa kwenye moto mdogo haitoi moshi, huisikii harufu, lakini jioni ukiinua kitambaa cha meza kimekuwa cha rangi ya chai. Daktari akamwambia ndivyo.

Nikauliza kama basi haya yote ni ulafi wangu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Alisema hapana, si mambo mepesi hivyo. Kazi ya kukaa kutwa imo, usingizi mbovu umo, urithi umo, vinywaji vitamu vimo, mawazo nayo yamo. Si kila mnene ni mgonjwa na si kila mwembamba ni mzima. Alisema hatafuti wa kumlaumu, anatafuta pa kuanzia. Nilimpenda kwa neno hilo.

Halafu akaugusa muundi wangu kwa kidole, pembeni ya kidonda, akasema kikiendelea kuchimba kitafika mfupani, na hapo mazungumzo yatakuwa mengine.

Sikumuuliza mazungumzo gani. Wewe na mimi tunayajua. Mama alianza na lengelenge la kiatu. Unakumbuka alivyokuwa akisema, "Kitakauka tu," na wewe unapasha maji, mimi nashika beseni? Walituambia ni damu mbaya. Wakamkata mguu, na baada ya hapo alikuwa anakaa dirishani anatazama barabara, hataki kuongea na mtu. Hata mwaka hakumaliza. Pale kwenye kiti cha daktari nilimwona Mama waziwazi, na mwili wake ule mpana tuliokuwa tunaulalia, tukisema hakuna mto laini kama huo. Niliogopa, Dada. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Siku ile ya vipande, njiani kurudi nyumbani, tulikuwa tumegombana. Nilimwuliza wifi yako, miaka yote hii, kimya? Nilipaza sauti mpaka muuza magazeti akakunja gazeti asikilize. Alinijibu tukiwa tumefika kwenye ngazi, ameshika chuma cha ngazi. Alisema kipande cha kwanza alikitia wiki ile nilipokosa ile kazi ya kufuli za benki, nikawa sili na sisemi na mtu. Aliona suruali imegoma, akasema moyoni, mtu huyu ameshavunjika pamoja na kazi, nisimvunjie na suruali. Nilipoivaa ikaingia, nilicheka kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Baada ya hapo ningeanzia wapi kukwambia?" akasema, na akalia.

Nilikuwa na hasira, lakini hasira gani hiyo ya kumkasirikia mtu aliyetunza mabaki ya kitambaa miaka yote ili mimi nicheke? Nikakaa naye pale kwenye ngazi. Wapangaji wakawa wanaturuka wakipanda na vikapu vyao, hatukujali. Nikamwambia kuanzia leo tuonyeshane. Akasema sawa, lakini nami niache maelezo. Hilo limekuwa gumu kuliko kuacha sukari.

Tiba yenyewe haikuwa na maajabu. Nilikwenda zahanati kusafishwa kidonda na kufungwa, kwa ratiba, hata siku nilizojiona mzima. Nilipewa vidonge vya sukari na ninavimeza. Mizani na futi tulianza kuzitazama wote wawili, maana daktari alimpima na wifi yako, naye ana lake, dogo kuliko langu. Tukaondoa sukari kwenye chai. Siku za mwanzo nilikunywa nimekunja uso mpaka Mzee wa Saa akauliza kama kuna msiba. Tukaongeza mboga na maharage, tukapunguza vya kukaanga, na soda nikaziaga. Funguo za wateja wa karibu nikaanza kuzipeleka mwenyewe kwa miguu. Mwanzoni nilikuwa nasimama kila nguzo ya umeme kana kwamba nazikagua. Siku hizi nafika sokoni na kurudi nikipiga mluzi. Na usingizi, Dada! Zamani nilikuwa nakoroma na kushtuka kama ninayezama, sasa wifi yako anasema ananigusa kuhakikisha nipo.

Kidonda hakikufunga kwa haraka. Kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote, nikataka kukata tamaa, na siku moja nilirudi na soda chini ya koti. Wifi yako aliniona. Alileta glasi mbili. Tukagawana, tukanywa, tukaendelea na mpango kesho yake. Wengine wangeita hiyo kushindwa, lakini mimi naona ndiyo iliyonisaidia kufika.

Halafu asubuhi moja muuguzi wa zahanati alifungua bandeji, akaigeuza, akanionyesha. Imetoka kavu. Akaniambia nisishangilie bado. Tukangoja. Mara nyingine, kavu. Mara nyingine tena, kavu, na chini yake ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya waridi kama ya mtoto. Nilipofika kibandani nilipandisha mguu wa suruali mbele ya Mzee wa Saa na wateja wawili nisiowajua. Mmoja akapiga makofi. Hakujua anachopigia makofi, Mungu ambariki.

Jioni ya siku hiyo wifi yako alichukua suruali ya kahawia, akafumua kipande kimoja kati ya vitatu. Nikaivaa. Ikaingia. Ilinibana kidogo, sikatai, lakini iliingia kwa haki. Kipande hicho ndicho ulicho nacho mkononi.

Usidhani nimekuwa tena yule Kijiti uliyempa jina hilo utotoni. Bado mimi ni mtu mpana, na daktari anasema si lazima niwe ufito. Anasema hata kupungua kidogo, ukikudumisha, moto ule wa ndani unapoa na kinga inarudi kwenye kazi yake. Mafua yaliyopita mtaani mwezi jana yalinikuta, yakakaa siku mbili, yakaondoka. Mzee wa Saa ndiye aliyekohoa safari hii. Niligonga ukuta kwa furaha.

Sasa nije kwako, maana haya yote yalikuwa njia ya kukufikia.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Umeandika kurasa nne. Habari za wapwa, habari za paa, habari za jirani na kamba. Na katikati, umeibana kama mtu anayepitisha sahani chafu chini ya meza, umesema kwamba kiatu kipya kilikuchubua kisigino tangu likizo ile na "kidonda kinajifunga na kujifungua, kitakauka tu." Na kwamba mafua yamekuzoea. Na mwisho ukasema mwili wako uko vile vile, kwa sababu nguo zako zote zinakukaa vizuri.

Dada! Kitakauka tu? Unajua umeandika maneno ya nani?

Na hizo nguo zako ninazijua, wifi yako ndiye aliyekushonea nyingi. Ni magauni mapana yenye mpira kiunoni. Gauni lenye mpira lina huruma kama mke wangu, litakufuata unakokwenda na halitakuambia kitu. Kwenye picha mliyotuma umekaa kwenye kiti cha mikono, na ile mikono ya kiti haionekani. Nasema hivi kwa mapenzi, na kama unanuna, nuna, lakini nuna ukiwa njiani kwenda hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mimi kilio hicho nimeshakilia mara moja nikiwa na beseni mkononi. Sina nguvu ya kukilia tena.

Ninachokuomba ni kidogo. Nenda wiki hii wakakitazame kisigino, wakupime sukari na damu. Usingoje paa, usingoje wapwa wafunge shule. Waambie habari za Mama, mwanzo mpaka mwisho. Kinachosumbua ndani hakitasubiri ratiba yako, na kidonda chako bado ni kidogo. Changu kilikuwa kikubwa kuliko hicho na leo nakuandikia nikiwa nimekunja miguu yote miwili.

La pili. Wifi yako ana kitambaa cha buluu iliyokoza, kizuri ajabu, anataka kukushonea gauni utakalovaa utakapokuja mwisho wa mwaka. Safari hii hashoni kwa kukisia, na mpira hatii. Anataka vipimo, kifua, kiuno, nyonga. Nakusihi usijipime mwenyewe, maana utavuta pumzi. Shemeji naye asikupime, kwa kuwa anakupenda na atalegeza futi upande wako. Kapime kwa yule jirani wa kamba ya nguo. Mpe futi, simama wima, mwache asome namba kwa sauti. Huyo hatakupunguzia hata nukta. Na nani ajuaye, pengine mtacheka mkapatana, kamba ikawatosha wote wawili.

Ukiona aibu, kitazame hicho kipande cha kahawia. Mimi niliaibika mbele ya benchi zima la hospitali na sikufa. Nilichokipata hapo ni mguu wangu.

Nisalimie Shemeji, mwambie mgongo wake utafurahi akikusindikiza kwa miguu. Wapwa zangu wote wapate salamu, yule mkubwa mwambie kufuli aliyoniomba ipo tayari na kitinda mimba asiache kunichorea. Msalimie pia Mama Mdogo kila ukimwona, na jirani yako, ndiyo, hata yeye. Huku watoto wote wanakuamkia, na Mzee wa Saa anasema shikamoo ingawa hajawahi kukuona.

Mwenyezi Mungu akulinde kutoka utosini mpaka kwenye hicho kisigino, akupe usingizi wa kutosha na kidonda kikavu, tuonane tukiwa wazima na tusimame wote kwa miguu yetu.

Ni mimi nikupendaye na nisiyekufichia kitu,
Mdogo wako,
Kijiti (jina ulilonipa mwenyewe, sasa ulivumilie).

Nyongeza: Wifi yako amemaliza kuisoma na hajalia, ila amepenga kamasi. Anasema nisifunge bahasha kabla sijakuambia hili. Kwenye suruali vimebaki vipande viwili. Siku barua yako itakapofika ikisema kisigino kimefunga, atafumua cha pili siku hiyo hiyo, niwe nimepungua au sijapungua, na nitaivaa suruali hiyo kwenda kukupokea hata ikinibana namna gani. Tayari ameweka mkasi juu ya cherehani. Basi fanya haraka, Dada, upone, na mimi huku nimeanza kujizoeza kuvuta pumzi.